Ukuta Haukuzoei

Haya ni maneno niliyowaambia vijana waliokuwa wakihitimu mafunzo ya ufundi wa ujenzi na umeme mjini Iringa. Siku ile nilizungumza bila karatasi. Baadhi ya wazazi waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika yalivyotoka, nikapunguza tu pale nilipojirudia.

Kamwene!

Mmeitikia vizuri, baridi yote hii. Mkuu wa chuo, walimu, wazazi wetu mlioamka usiku kutoka Kilolo na Mufindi, na ninyi wadogo zangu ambao siku ni yenu. Mimi ni mpanda minara ya simu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 17, kuanzia Tunduma kule mpakani mpaka Ilula hapa, na karibu kila mlima wenye mnara kati ya hapo nimewahi kuuona machweo yake nikiwa juu ya chuma.

Niliombwa nizungumzie nidhamu ya kazi. Nitafika huko. Lakini wiki iliyopita mwalimu wenu mmoja alinionyesha video kwenye simu, nikaona siwezi kuanzia pengine. Kijana anatembea juu ya ukingo wa jengo la ghorofa ambalo halijamalizika, hapahapa Nyanda za Juu Kusini. Mikono kainyoosha kama mwewe. Anayempiga picha anacheka. Kule chini unaona mabati ya maduka, na bodaboda zimekuwa ndogo kama punje za maharage. Mwalimu akaniuliza, "Huyu ana akili kweli?"

Nilimjibu kwamba anayo. Anafanya nilichokuwa nafanya mimi nilipokuwa na umri wake.

Sisi wakubwa tunakosea hapo. Tunamwambia kijana kwamba kupanda juu ni ujinga mtupu. Yeye anajua alichokionja, basi anatuona sisi ndio hatujui kitu, na kuanzia hapo yeye hatusikilizi tena. Kwa hiyo leo nasema mbele ya wazazi wenu: raha ya juu ipo. Ukisimama mahali ambapo hatua moja ndiyo iliyobaki kati yako na kaburi, moyo unadunda, mwili unamwaga adrenalini, macho yanaona kila kitu. Unaona kutu ya msumari. Unamwona sisimizi anayekatiza juu ya tofali. Shida zako zote zinanyamaza: ada hudaiwi, baba hajakufokea, mchumba hajakuacha. Upo wewe na ukingo tu. Ukishuka salama unajisikia mwepesi, unacheka bila sababu. Nani hataki kurudi?

Sasa sikilizeni raha hiyo inatoka wapi. Inatoka kwenye woga, na woga unazoeleka. Leo ghorofa ya pili inakutetemesha. Ukiipanda mara sita, haikutetemeshi tena, na pasipo kutetemeka hakuna raha, basi unakwenda ya tatu. Kisha unajaribu mkono mmoja. Kisha usiku. Kisha siku ya manyunyu. Na kila woga unapopungua unajiambia, "Sasa nimekuwa fundi." Hapo ndipo watu wanapotelea. Wewe umeuzoea ukuta, ukuta haukuzoei. Tofali lililolegea halina habari kwamba umelikanyaga mara 20.

Mwaka 2004 nilikuwa saidia fundi Mbeya, kwenye jengo la ghorofa nne lililokuwa likipanda si mbali na Mwanjelwa. Nilikuwa na miaka 20. Jukwaa letu lilikuwa la mirunda ya mikaratusi iliyogongwa misumari, na ubao mmoja wa kukanyagia. Karai za zege tulizipandisha kwa kupokezana. Mkanda wa usalama sikuwahi kuuona hata kwenye picha. Jioni, msimamizi akishaondoka, mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunashindana. Jina lake naliacha, mama yake bado yu hai. Mchezo ulikuwa huu: unatembea juu ya ringi bimu, yaani boriti ya zege inayozunguka jengo, ya ghorofa ya tatu, upana wake shubiri moja tu, kutoka nguzo hadi nguzo, bila kugusa nondo. Chini, wapiga debe wa daladala walitushangilia. Kina mama waliokuwa wakiuza mihogo walijifunika uso kwa khanga. Simu za kupiga picha hatukuwa nazo, lakini watazamaji tulikuwa nao, na siku wasiposhangilia hatukupanda.

Jioni moja ya mwezi wa Nne mvua ilikuwa imekatika kama nusu saa tu. Mwenzangu akatangulia. Alivaa yeboyebo. Akafika katikati, akageuka kunitazama, akanikonyeza. Wadogo zangu, sikumwona akiteleza. Nilimwona amesimama, halafu nikaiona bimu peke yake. Juu ya bimu ilibaki yeboyebo moja ya bluu, imekaa sawasawa, kama mtu aliyeivua mlangoni akaingia ndani.

Hakufa. Alivunjika uti wa mgongo na visigino vyote viwili. Leo anashona viatu akiwa kwenye baiskeli ya miguu mitatu, na watoto wa mtaa wanaomletea viatu hawajui kwamba mzee huyu aliwahi kukimbia angani. Mwenye jengo alimpelekea mama yake gunia la mahindi na nauli, basi. Kesho yake asubuhi tulimwaga zege kama kawaida. Msimamizi akanyoosha kidole juu, akaniambia, "We, katoe hicho kiatu." Nikaenda. Nilikwenda kwa kutambaa, tumbo limegusa bimu, kucha zimeshika kingo zote mbili, mimi niliyekuwa nakimbia palepale jana yake. Bimu ilikuwa ileile, shubiri moja.

Nimeifikiria asubuhi ile kwa zaidi ya miaka 20. Jana yake nilikuwa na ujasiri, leo yake sina, na hatari haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo ule ujasiri haukuwa ukipima chochote kilichokuwa pale juu.

Miaka michache baadaye nikaenda kusomea kazi ya minara. Siku ya kwanza kabisa mkufunzi hakutuonyesha mnara. Alichukua chaki, akapiga hesabu ya kuanguka. Ukianguka kutoka mita 10, yaani ghorofa ya tatu kama ile yetu, unatumia sekunde 1.4 kufika chini, na unapogusa ardhi una kasi ya kilomita 50 kwa saa. Ni kasi ileile ya vibao vya 50 mnavyoviona barabara kuu inapopita vijijini. Kutoka mita 20 ni sekunde mbili, kilomita 71 kwa saa. Uzito wako hausaidii wala haudhuru hesabu hiyo. Sekunde 1.4 inatosha kusema "Mama nakufa" tu, basi. Mimi hesabu shuleni zilinishinda, lakini ile niliielewa mara moja, kwa sababu nilishaiona.

Halafu akatufundisha mikono, na hili wengi wanaopanda kwa kujifurahisha hawalijui. Mtu akiogopa, viganja vinatoa jasho. Yaani mwili unakulowesha mahali palepale unapohitaji kushika. Ongeza umande. Mwezi wa Saba kule Mufindi chuma cha asubuhi kina baridi kiasi kwamba baada ya dakika tano hujui kama bado umekishika au umekiachia, mpaka utazame. Na misuli ya kigasha, hii hapa kati ya kiwiko na kiganja, ikikazwa muda mrefu inajibana, damu haipiti vizuri, na vidole vinaanza kufunguka vyenyewe. Utaviamuru, havitasikia. Hiyo si habari ya roho ngumu. Mwanamume mwenye roho ya simba ana kigasha kilekile kinachochoka.

Najua kuna mtu kule nyuma anasema moyoni, "Mbona wapo wanaoweza?" Wapo. Tuwazungumzie, tena kwa heshima.

Yupo Mmarekani, Alex Honnold. Tarehe 3 Juni 2017 alipanda jabali la El Capitan, California, karibu mita 900 wima, bila kamba, kwa saa chini ya nne. Kwa wanaolijua jiwe letu la Gangilonga hapo juu, ambalo kila mtoto wa Iringa ameshalipanda, hilo la kwake ni mlima mwingine kabisa. Dunia nzima iliiona siku hiyo. Ambacho wengi hawakukitazama ni zaidi ya mwaka mzima kabla yake, alipokuwa akipanda na kushuka jabali hilohilo kwa kamba, akirudia kipande kimoja kimoja, akikariri kila tundu la kidole na kila mahali pa kuweka ncha ya kiatu. Na mwaka 2016 alikwisha kuanza kupanda bila kamba, akafika sehemu moja laini, akaona mwili haukubali, akaacha. Alirudi chini mbele ya watu waliokuja kumpiga picha. Mimi nikiulizwa ujasiri wa Honnold uko wapi, nautaja ule wa siku aliyorudi. Mwanasayansi mmoja, Jane Joseph, aliwahi hata kuupiga picha ubongo wake, akakuta sehemu inayowashwa na woga imetulia pale ambapo kwa mtu mwingine ingewaka. Wewe kijana wa Kihesa unaiga siku moja ya mtu mwenye ubongo wa peke yake, na mwaka wake wa kamba umeuruka.

Yupo Mfaransa, Alain Robert, ambaye amepanda majengo marefu sehemu nyingi duniani kwa mikono na viatu tu. Mwaka 1982, kabla hata hajaanza majengo, alianguka mwambani mara mbili ndani ya mwaka huohuo, akavunjikavunjika, akalala siku kadhaa bila fahamu. Na mwaka 2011 alipopanda Burj Khalifa kule Dubai, jengo la mita 828, alivaa mkanda na kamba. Hayo ndiyo masharti aliyopewa. Alitumia saa zaidi ya sita, na hakuna aliyesema siku ile kwamba hakupanda.

Yupo na wa tatu, na huyu ndiye ananiumiza. Wu Yongning, kijana wa China, miaka 26. Aliwahi kuigiza nafasi ndogondogo kwenye sinema za mapigano, kisha akawa anapanda majengo bila chochote na kuziweka video mtandaoni. Watu walimtazama, pesa zikaingia. Mwezi Novemba 2017 alipanda jengo la ghorofa 62 mjini Changsha, akategesha kamera yake, akajining'iniza ukingoni kwa mikono, akajiinua mara mbili hivi. Halafu akajaribu kupanda arudi juu, akashindwa. Alihangaika na ukuta kwa sekunde kadhaa, miguu ikitafuta pa kukanyaga, vidole vikichoka. Kamera iliendelea kurekodi baada ya yeye kutokuwepo. Mama yake alikwenda mahakamani, na mwaka 2019 mahakama ya Beijing ikasema kampuni iliyokuwa inaonyesha video zake ina sehemu ya lawama, ikaamriwa kulipa yuan 30,000.

Nawaomba mkae na jambo hilo la mahakama. Maana yake ni kwamba anayetazama na anayelipa kutazama wana mkono wao kwenye ukingo ule. Watafiti wa India waliwahi kukusanya habari za vifo vya watu waliokuwa wakijipiga picha kati ya Oktoba 2011 na Novemba 2017, wakahesabu 259 duniani. Wengi wao walikuwa vijana, na zaidi wanaume. Sasa wewe unayeshika simu chini na kusema, "Ongeza kidogo, sogea mwisho kabisa," unajiona mpiga picha tu. Wapiga debe wa Mwanjelwa nao walijiona washangiliaji tu. Mwenzangu alipogeuka katikati ya bimu, alikuwa anatafuta macho ya mtu. Aliyatafuta yangu. Mimi ndiye niliyekuwa mtazamaji wake wa mwisho, na mpaka leo sijui kama nisingekuwepo angeipanda jioni ile.

Kuna binti mmoja wa umeme, tulipozungumza nje kabla ya shughuli, aliniuliza swali zuri nikamwahidi nitalijibu hapa. Aliniuliza, "Kaka, na yule Mwafrika aliyepanda ghorofa Paris kumwokoa mtoto, naye alikosea?"

Hapana, dada yangu. Mamoudou Gassama, kijana wa Mali, miaka 22 wakati huo, hakuwa na hata vibali vya kuishi kule. Mei 2018 alikuta mtoto mdogo ananing'inia kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne, na hakuuliza. Alipanda kibaraza kwa kibaraza, kwa mikono yake, akamfikia, akamvuta. Ufaransa ikampa uraia. Mimi nikimkuta huyo nitamwamkia shikamoo japo ni mdogo wangu. Lakini sikilizeni alichosimulia mwenyewe: baada ya kumwokoa mtoto, walipoingia sebuleni, alianza kutetemeka mwili mzima mpaka ikabidi akae. Woga wake haukuwa umekufa, ulikuwa umesubiri mlangoni. Na baada ya hapo alichukuliwa kwenye kikosi cha zimamoto, mahali ambapo mtu mwenye moyo kama wake anapewa ngazi, kamba na wenzake wa kumshika.

Hiyo ndiyo kazi ninayowatakia ninyi. Wengi wenu kuanzia Jumatatu mtakuwa juu ya mirunda, juu ya kenchi, juu ya nguzo za umeme. Kupanda kwenu kuna sababu. Na mtakutana na bosi atakayewaambia mkanda unachelewesha kazi. Nchi hii ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Ipo OSHA, wakala wa serikali unaosimamia usalama na afya kazini, upo na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mwenzangu hakuukuta. Ulizeni mapema, siku ya kwanza, kabla hamjashika karai, kwa sababu ukishazoea kupanda bila mkanda utaona haya kuudai. Najua njaa ipo. Najua mtaambiwa, "Nje wapo 20 wanaoitaka nafasi hii." Niliambiwa hivyohivyo. Basi dai ukiwa pamoja na wenzako wawili watatu, si peke yako.

Wazazi, nanyi neno moja. Mwenye jengo lililosimama ujenzi bila mlinzi wala mbao za kuziba ngazi, mwambieni azibe. Watoto hawapandi kwa sababu ni wabaya. Wanapanda kwa sababu ngazi iko wazi.

Miaka minane iliyopita nilikuwa kwenye mnara karibu na Makambako, kama mita 35 juu. Asubuhi, ukungu mzito, hata gari letu chini silioni. Mkanda wetu una kamba fupi mbili zenye kulabu. Unahamisha moja, nyingine imeshika, hakuna wakati hata nukta moja uko huru. Nikakanyaga boliti ya kupandia. Ilikuwa imeliwa na kutu kwa ndani. Ikatoka na mguu wangu. Nilianguka pungufu ya mita moja, mkanda ukanikamata mapajani na kifuani kwa nguvu mpaka nikatoa sauti. Nikaning'inia pale, nikiisikia boliti inagonga vyuma ikishuka kwenye ukungu, ting, ting, ting, halafu kimya. Mwenzangu alikuwa chini yangu hatua kumi, akapanda haraka akanisaidia kurudisha miguu kwenye vyuma. Na hilo lisahihisheni kichwani: mkanda haumalizi kazi. Mtu akining'inia bila kusogea damu inajaa miguuni, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Usipande peke yako hata ukiwa na mkanda wa bei gani.

Nilikaa pale juu robo saa nikipumua. Ndipo ukungu ukaanza kufunguka, jua likatoka upande wa Udzungwa, mawingu yakawa chini yetu kama pamba iliyomwagwa, na vilele vikachomoza kimoja kimoja. Mwenzangu akasema, "Kaka, tazama." Nikatazama. Moyo ulikuwa unadunda vilevile kama wa Mwanjelwa, na ladha ilikuwa ileile, wadogo zangu. Mkanda haukuniondolea hata tone. Uliniachia na siku iliyofuata.

Nimekuja nao, huu hapa mezani. Nimemwomba mkuu wa chuo dakika kumi, na amekubali. Wewe kijana wa shati la kijani karibu na dirisha, ndiyo wewe, njoo. Usiogope, wazazi wako wapo. Ingiza mguu huu, na huu. Mabega. Funga vifungo vya mapajani kwanza, kisha cha kifua. Vuta. Vuta tena. Sasa pitisha kiganja kikiwa bapa kati ya mkanda na paja. Kimepita? Jaribu ngumi. Ngumi imepita pia, unaona? Basi umelegea. Vuta tena mpaka kiganja kipite na ngumi ikatae.

Hapo sawa. Uvue, mpe anayefuata.